Kikohozi kisichopona: ulizeni kwanza kama mtoto alipaliwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, najua ukurasa wa barua mnapenda fupi fupi lakini hili nikilikata litaharibika. Mimi ni muuguzi wa dawa ya usingizi, nimeshastaafu, maisha yangu ya kazi karibu yote nimeyamalizia thieta, yani chumba cha upasuaji, nimekaa kichwani kwa mgonjwa, na wengi waliopita mikononi mwangu ni watoto. Kuna jambo limenikera miaka yote na hata huku mtaani ninapoishi sasa naliona linaendelea vilevile. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, ya tano, mwezi wa pili unaingia, anabadilishiwa sirapu, anachomwa sindano, leo anaambiwa ana nimonia, kesho pumu, keshokutwa anaanzishiwa dawa za TB, na njia nzima hiyo hakuna hata mmoja aliyemgeukia mama yake akamuuliza, "Mama, huyu mtoto alishawahi kupaliwa?"

Swali ndo hilo tu, halihitaji mashine wala maabara. Ukiliuliza bila haraka, mama anafikiri kidogo afu anakwambia eeh, kuna siku alikuwa anakula karanga na kaka yake wakawa wanakimbizana, akapaliwa akakohoa sana mpaka machozi, nikampigapiga mgongoni akanyamaza akalala, nikajua imetoka.

Haikutoka, imeshuka.

Nieleze inavyokuwa, maana wengi wanadhani kitu kikiingia njia ya hewa lazima mtu afe palepale au kitoke. Bomba la hewa la mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni jembamba kama kidole chake cha mwisho. Karanga ikipita kwenye nyuzi za sauti ndo unaona kile kikohozi cha ghafla cha kufa mtu, ikishavuka pale inateremka mpaka bomba linapogawanyika kwenda kila pafu, mara nyingi inaangukia kulia kwa sababu njia ya kulia ni pana kidogo na imenyooka zaidi. Ikitulia huko mwili unaizoea, kikohozi kinapoa, mtoto anaanza tena kucheza. Ukimya huo unaweza kuwa wa masaa, siku au wiki kadhaa, na ndo unaotudanganya wote, mzazi na sisi wenye makoti meupe. Huku ndani kazi inaendelea, mafuta ya karanga yanachoma kuta za njia ya hewa zinavimba, makohozi yanarundikana nyuma yake, bakteria wanapata makazi. Harage na punje ya mahindi zenyewe zinafyonza maji zinaumuka, yani kitu kilichoingia kikiwa kidogo wiki inayofuata kimekuwa kikubwa na bado kiko ndani. Sasa hapo ndo homa inaanza, mama anarudi dispensari, na kupaliwa kwa mwezi uliopita kumeshasahaulika kabisa.

Dalili zipo ukizitafuta. Nimonia inayorudi upande uleule kila mara, ukitoa antibayotiki inapoa, ukimaliza dozi inarudi. Kifua kinachokoroma upande mmoja tu. Pumu kwa kawaida unaisikia pande zote mbili, sasa ukiweka kipimo cha kusikilizia kifua ukakuta kushoto hewa inaingia vizuri na kulia ni hafifu, usikimbilie kuandika dawa ya pumu. Na pumu iliyoanza ghafla saa nane mchana kwa mtoto ambaye saa saba alikuwa mzima anachezea gunia la kunde, jamani.

Afu kuna hii eksrei. Wazazi wanaiamini kupita kiasi na baadhi ya wenzangu pia. Eksrei inaonyesha sarafu, pini, msumari, betri, hereni. Haionyeshi karanga, haionyeshi kokwa ya ubuyu, haionyeshi kipande cha nazi wala plastiki nyingi za midoli. Ukibahatika unaona pafu moja limejaa hewa kuliko jingine, kwa sababu kile kitu kinaruhusu hewa iingie mtoto anapovuta lakini hakiiachii yote itoke, na hata hilo linaonekana vizuri picha ikipigwa wakati anatoa pumzi, sasa mtoto wa miaka miwili analia anarusha miguu utamwambiaje atoe pumzi abaki hivohivo. Kwa hiyo picha safi haitoshi kumrudisha mtoto nyumbani. Kama alipaliwa ghafla mbele ya mtu na dalili hazijaisha, anatakiwa afike kwa daktari wa masikio, pua na koo, picha iseme itakavyosema. Nimeona karatasi za rufaa zilizochelewa kwa sababu tu mtu aliandika "eksrei kawaida".

Hapa lazima niseme na la kimeo, najua kuna watakaokasirika. Kwetu kikohozi cha mtoto kikizidi wiki mbili shangazi au jirani atasema huyo ana kimeo, akakatwe. Anapelekwa kwa fundi, anafunuliwa kinywa, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kinakatwa kwa kisu ambacho pengine ndo kilichomkata wa kabla yake. Kile kinyama kina kazi yake na hakihusiki kabisa na kikohozi cha kifuani. Tumepokea watoto wametoka damu mpaka wamepauka, koo limeoza, na kitu kilichokuwa kinawakohoza bado kimekaa kwenye pafu kinawasubiri. Siwalaumu sana wazazi, maana mtu akiambiwa hospitali mara tatu kwamba ni mafua atatafuta mwenye jibu.

Wengine wanaogopa rufaa kwa sababu wanadhani mtoto anaenda kupasuliwa kifua. Kwa sehemu kubwa ya hawa watoto hakuna kupasua. Tunamlaza kwa gesi ya usingizi kupitia barakoa, taratibu, tunamwacha aendelee kuvuta pumzi mwenyewe kwa kadiri tunavyoweza, maana ukimlegeza mwili wote ukaanza kumsukumia hewa unaweza kukizamisha kile kitu zaidi. Daktari anapuliza ganzi kwenye nyuzi za sauti, kisha anapitisha bronkoskopu, hili ni bomba la chuma jembamba lenye taa na lensi, pembeni lina tundu ambalo mimi nachomeka mpira wangu wa oksijeni. Kuanzia hapo yeye na mimi tunagombania njia moja, yeye anaitaka aone, mimi naitaka mtoto apumue, na njia yenyewe ni milimita chache. Hakuna anayeongea. Mashine ya oksijeni inalia tii tii tii, na mlio ukianza kushuka kuwa mzito kila mtu anajua oksijeni inashuka, hahitaji kugeuka kuangalia kioo.

Karanga ya jana bado ngumu, koleo linaishika inatoka. Karanga ya wiki tatu imeshalainika, ukiibana kidogo tu inasagika, kila kipande kinataka kwenda njia yake. Shanga ya plastiki inateleza, unaishika inachomoka, unaishika inachomoka, jasho linamtoka daktari mwenye kiyoyozi juu ya kichwa. Harage lililoumuka halipiti ndani ya bomba, kwa hiyo inabidi vitoke vyote kwa pamoja, koleo, bomba na harage lenyewe, na mahali pa hatari kuliko pote ni pale kwenye nyuzi za sauti, likichomoka pale linaziba njia nzima, mtoto anageuka bluu sekunde hiyohiyo. Likikataa kutoka, kinachofanyika ni kulirudisha chini kwenye pafu moja kwa makusudi ili la pili lipate hewa, mnatulia mnajipanga upya. Mtu akisikia hivyo anashangaa, lakini ndo kazi ilivyo. Na kikishatoka hatufungi, daktari anaingia tena kuangalia kama kuna cha pili. Mtoto anapewa dawa ya kupunguza uvimbe, anaangaliwa usiku ule, wengi wanarudi kwao baada ya siku moja au mbili wakidai chai.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1897 kule Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alitoa mfupa wa nguruwe kwenye njia ya hewa ya mkulima kwa kupitisha bomba kinywani, na baada yake akaja Mmarekani Chevalier Jackson wa Philadelphia ambaye alitunza karibu kila alichokitoa, vitu zaidi ya elfu mbili, pini, vifungo, mifupa, midoli, viko kwenye droo za jumba la makumbusho la Mütter mpaka leo. Huyo huyo ndo alisisitiza kwamba si kila kifua kinachokoroma ni pumu, na bado tunaandika pumu. Hapa kwetu madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, waliandika mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wao wa namna hii, vitu vilivyoongoza kukwama njia ya chakula ni sarafu na njia ya hewa ni karanga. Kwa hiyo tusijifanye hatujui.

Ombi moja dogo la mtu wa usingizi kwa wazazi. Mkiambiwa twende hospitali ya rufaa kuna kitu kwenye kifua cha mtoto, ulizeni kwanza kabla ya kumlisha njiani. Mama kwa huruma ananunua biskuti na juisi stendi, mtoto anafika ameshiba, na tumbo likiwa limejaa usingizi ni hatari, anaweza kutapika yakaingia mapafuni, ikibidi tunasubiri masaa mpaka tumbo litulie. Kama hawezi kupumua vizuri hatusubiri, tunaingia hivyohivyo na hatari yake. Na kama amepaliwa, ametulia, anapumua anaongea, msianze kumbinya tumbo wala kumpigapiga eti kitoke, mnaweza kukiamsha kilipotulia kikapanda kikaziba juu. Mbebeni amekaa wima twendeni.

Sasa mtoto anayekabwa mbele yako. Nimeona mambo, Mhariri. Anainuliwa mikono juu, anapigwa utosini, anashikwa miguu ananing'inizwa kichwa chini kama kuku wa kwenda sokoni, anapewa maji, anapewa tonge la ugali eti lisukume kilichokwama. Tonge linasaidia nini kwenye bomba la hewa? Na lile la kuingiza kidole kooni bila kuona kitu ndo baya kuliko yote, unakisukuma chini kilichokuwa kinakaribia kutoka.

Kwanza angalia kama anakohoa kwa nguvu, analia sauti inatoka. Kama ndiyo, mwache akohoe, mtie moyo akohoe, kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Akiwa anafungua mdomo sauti haitoki, kikohozi hakina nguvu, midomo inabadilika rangi, hapo ndo unaingia. Wa chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako ukiegemeza pajani, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, unashika taya lake usibane koo, unampiga mapigo matano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Hakijatoka unamgeuza chali, unabonyeza katikati ya kifua kwenye mfupa mara tano, kwa nguvu, afu unarudi mgongoni. Wa namna hii tumbo halibinywi, ini lake ni kubwa liko wazi linaweza kupasuka. Aliyepita mwaka mmoja unamwinamisha mbele, matano mgongoni, kisha unapiga goti nyuma yake, ngumi moja juu ya kitovu chini ya mbavu, mkono wa pili juu yake, unavuta ndani na juu mara tano. Unabadilisha hivyo mpaka kitoke au alegee. Akilegea mlaze sakafuni, mtu apige simu atafute usafiri, wewe anza kubonyeza kifua mara 30 na kumpulizia pumzi mbili, kabla ya kupulizia chungulia mdomoni, ukikiona kitoe, usipokiona usichokonoe. Na aliyebinywa tumbo hata kama kimetoka na anacheka apelekwe akaangaliwe ndani.

Ukiyasoma haya mara moja kwenye gazeti hutayakumbuka siku ya siku, nakubali. Mikono ndo inayokumbuka, na hapa ndo nafika kwenye ombi langu.

Akina mama wote wa nchi hii wanapita kliniki ya watoto. Wanakaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi wakisubiri mtoto apimwe uzito na kuchanjwa, wanaongea umbea (na mimi nimeukaa huo umbea, mtamu). Nesi wa kliniki anawapa somo la kunyonyesha, uzazi wa mpango, chandarua, vizuri kabisa. Waongezewe dakika kumi za kupaliwa kwa vitendo, na zianze mtoto anapokaribia miezi sita anapoanza kula, si akishafika miaka mitatu wakati kliniki mama ameshaacha kwenda. Ndo umri wenyewe wa hatari, kuanzia anapojifunza kutambaa na kuokota mpaka karibu miaka mitatu, kila kitu kinaenda mdomoni, meno ya mbele ya kukata anayo, magego ya kusagia hayajakamilika. Anaivunja karanga vipande lakini haisagi, afu anacheka, anavuta pumzi.

Wasije watu wakasema nesi amekataza karanga. Karanga ni lishe nzuri, isage uweke kwenye uji, ipike kwenye mchicha, mpe hata kila siku. Ninachokataa ni karanga nzima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na kwa namna ya pekee ile ya kwenye daladala, mtoto analia, konda anapiga kelele, mama ananunua kifurushi dirishani anamwekea mkononi ili anyamaze, na gari linafunga breki. Ubuyu vilevile, ule wa rangi nyekundu wa Zanzibar ni mtamu, lakini mtoto anamumunya sukari yote kinabaki kijiwe kigumu kinachoteleza, anatakiwa akiteme na yeye anacheza rede. Bisi, peremende ngumu, kokwa za ukwaju na za chungwa ziko kundi moja. Zabibu zikatwe kwa urefu.

Midoli sasa. Wenzetu wa viwango wana kopo dogo la kupimia, upana wake milimita 31.7, kitu chochote kinachoingia chote mle ndani hakitakiwi kuwa kwenye mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukitembea na kopo hilo mitaa ya Kariakoo nadhani litajaa kabla hujamaliza duka la kwanza, macho ya midoli yanayobanduka, filimbi za plastiki, vitaa vidogo vya viatu vinavyowaka. TBS, shirika letu la viwango, najua wana mengi ya kukagua ila wauzaji wa jumla wa midoli si wengi kiasi hicho. Tena angalieni vifuniko vya kalamu, kile kitundu cha juu kimewekwa ili mtoto akikivuta hewa iweze kupita kidogo. Kalamu za bei chee nyingi hazina. Mimi ningekuwa mwalimu wa chekechea ningekataa kalamu isiyo na tundu mlangoni, hata kabla ya kuangalia soksi.

Na hao wa chekechea na deikea wasisahaulike, wala dada wa kazi, kwa sababu saa tano asubuhi ya Jumanne mama yuko kazini, anayekaa na mtoto ni binti wa miaka kumi na tisa ambaye hakuna aliyemwonyesha chochote. Ukimfundisha mama peke yake umemfundisha mtu ambaye hayupo. Deikea inapopewa kibali iulizwe nani hapa anajua kumsaidia mtoto aliyekabwa, aonyeshe, si aeleze.

Kwa waganga wa dispensari na vituo vya afya, ndugu zangu, kwenye fomu zenu mna mahali pa kuandika kikohozi kilianza lini. Andikeni pia kilianzaje. Kilikuja polepole na mafua au kilianza dakika moja mtoto akiwa anakula au anacheza? Mama akisema hajui, muulize aliyekuwa naye siku hiyo, mpigieni simu bibi, muiteni kaka mtu wa miaka sita aliyekuwa naye uani, huyo mara nyingi anajua kila kitu na hakuna aliyemuuliza.

Nimeshasikia hoja kwamba hakuna fungu la kununua midoli ya kufundishia. Si lazima. Kitenge kilichokunjwa kikafungwa vizuri kinatosha kuonyesha mkono ukae wapi, kichwa kiwe wapi na kiganja kipige sehemu gani, sisi wengine tulifundishwa hivyohivyo. Mkuu wa kliniki yoyote ya Morogoro mjini akinihitaji niko nyumbani tu, kitenge ninacho.

Muuguzi mstaafu wa dawa ya usingizi
Morogoro
(jina na namba ya simu anavyo mhariri)